Bata anayeatamia asichinjwe kwa sababu ya kuhama

Jamani, tangu serikali ya Malawi ilipoamuru mwaka 2023 wakimbizi wa mijini turudi Dzaleka, wengi wetu huku Chinsapo tunaishi roho juu. Wengine wanasema bata akiatamia mchinje tu, safari ni safari. Mimi nakataa. Hawa bata wetu wa uso mwekundu wanaatamia siku 35 hivi; ukimchinja siku ya 30, umechinja na vifaranga.

Mhamishe usiku, kwenye boksi lenye giza na matundu, pamoja na majani na manyoya ya kiota chake. Mayai yabebe pembeni, ndani ya nguo yenye joto, yasitikisike. Baridi kidogo haiyaui, maana hata mama yao hutoka kwenda kula. Mkifika, mpe kwanza mayai mawili ya kuku. Akitulia, mrudishie yake.

Na ninyi wa mashirika, mkileta lori tupeni tarehe wiki tano kabla. Mnacheka? Hesabuni siku.