Funga Kwanza, Kisha Tawakali



Imepokelewa kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.), katika Hadithi aliyoitoa Imam Tirmidhi, kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) iwapo amfunge ngamia wake kisha amtegemee Allah (s.w.), au amwache huru na amtegemee. Akaelekezwa amfunge, kisha ategemee. Leo wengi wetu twasafirisha familia zetu kwa magari, na ndani ya gari mna kitu chenye nguvu kuliko ngamia, nacho kinahitaji kufungwa: injini.

Injini haikalii chuma kitupu. Hushikiliwa na vishikizo ambavyo mafundi huviita maunti, yaani vipande vya mpira mzito vilivyogandishwa na chuma, vikafungwa kwa bolti upande mmoja kwenye injini na upande wa pili kwenye fremu au bodi. Kazi yake ni kuizuia injini isihame inapovuta, na kupunguza mtikisiko usiwafikie abiria. Lakini mpira huzeeka. Joto huukausha, oili inayovuja huulainisha, na hatimaye huchanika au kuachana na chuma.

Tusidhani hilo ni jambo dogo. Mwezi Desemba 1971, kampuni ya General Motors ya Marekani ililazimika kuyaita magari yake takriban milioni 6.7, mengi yakiwa ya Chevrolet, kwa sababu ya vishikizo hivyo. Kilipokatika, injini iliweza kuinuka ikavuta kiungo cha mafuta, gari likaongeza mwendo bila dereva kutaka, na bomba linaloipa breki nguvu likaweza kuchomoka. Magari ya leo hayakuundwa vilevile, lakini injini isiyoshikiliwa vyema bado huvuta mabomba, nyaya na ekseli zilizounganishwa nayo.

Dalili zake hujidhihirisha mapema. Gari hutetemeka mno likiwa limesimama huku injini inaunguruma. Husikika mgongo wa chuma unapoingiza gia au unapoondoka. Na boneti ikifunguliwa, injini huonekana ikiyumba kupita kiasi. Mama na watoto wakisema gari linagonga, wasikilizwe. Fundi akague, na asiwepo mtu wa kusimama mbele ya gari wakati gia inajaribiwa.

Twafahamu kwamba ada za shule na chakula hutangulia, na kipuri hungojea mwezi ujao. Hapo ndipo huja kishawishi cha kufunga injini kwa waya au vipande vya mpira wa tairi, na kusema Mungu atatulinda. Huko si kutawakali. Ni kumwacha ngamia bila kamba. Kama fedha haijapatikana, gari lipumzike.

Nanyi mafundi, kazi hii ni amana. Mwenye gari haoni bolti uliyoiacha bila kuikaza, wala kishikizo kilichochanika ulichokirudisha na kulipwa kama kipya. Allah (s.w.) anaona, na wanaopanda gari hilo ni watoto wa watu.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie uaminifu katika kazi zetu na salama katika safari zetu. Amin.