Wenye Filamu Nao Wapigwe Picha

Tangu filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson na kuwaweka wanamuziki wa Bongo Fleva mbele ya kamera, tasnia ya Bongo Movie, yaani filamu za Kiswahili zinazopigwa kwa gharama ndogo na kuuzwa kwa watazamaji wa majumbani, imeingia karibu katika kila nyumba ya Mtanzania. Imekwenda kwa mganga, kwa mama mkwe, kwa tajiri wa Masaki na kwa mume mwenye nyumba ndogo. Nyumba ambayo haijapigiwa hodi ipasavyo ni ya wenye filamu wenyewe, ingawa ndiyo wanayoijua kuliko zote.

Kisa chao kipo, tena kipo Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Katika mitaa inayozunguka Msimbazi ndiko santuri za filamu zilikouzwa kwa jumla na kusambazwa mikoani, na ndiko mtayarishaji alikopeleka kazi yake kwa msambazaji, ambaye mara nyingi aliinunua pamoja na haki zake zote kwa malipo ya mara moja, kisha hadithi ikakatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili mnunuzi alipe mara mbili. Mwaka 2013 zikaja stempu za kodi za Mamlaka ya Mapato, zilizobandikwa juu ya kasha la filamu ili kutenganisha kazi halali na ya wizi. Pembeni ya kasha hilo lenye stempu na sura za waigizaji wawili waliopeana migongo, palipangwa santuri moja yenye filamu kadhaa za Marekani, India na Korea, isiyo na stempu wala mwenyewe, na baadaye pakawekwa kompyuta ya kupakatwa ambayo kijana huchomekea flashi ya mteja na kuijaza filamu kwa bei ndogo.

Aprili 2017 mambo hayo yote yalikutana barabarani, wasanii wa filamu walipoandamana Kariakoo kupinga uuzaji wa filamu za nje zisizolipiwa kodi. Siku ile walikuwapo mwigizaji ambaye sura yake inajulikana nchi nzima lakini mapato yake hayalingani na umaarufu huo, mchuuzi ambaye meza yake ndiyo ada ya shule ya watoto wake, serikali yenye kodi ya kudai, na mtazamaji aliyetaka filamu nzuri kwa bei anayoimudu. Kila mmoja alikuwa na hoja, na hakuna aliyekuwa na hoja yote. Ni makosa makubwa kwamba siku hiyo imebaki katika taarifa za habari tu.

Filamu ya kawaida, yenye shujaa mmoja na adui mmoja, haiwezi kuibeba siku kama hiyo bila kumwonea mtu, kwa maana itambidi mwandishi achague mwizi. Kinachohitajika ni filamu ya wahusika wengi wenye uzito sawa, na pia ya majaribio, yaani inayothubutu kuvunja desturi za usimulizi ili ionyeshe jambo ambalo desturi hizo huzificha. Mfano mmoja ni Timecode, filamu ya Mike Figgis ya mwaka 2000 kuhusu watu wa kampuni ya filamu mjini Los Angeles. Kioo kimegawanywa mapande manne. Kamera nne zilianza kupiga kwa pamoja na kuendelea kwa muda wa saa moja na nusu hivi bila kukata. Waigizaji walijitungia sehemu kubwa ya maneno, na mwongozaji, ambaye ni mwanamuziki, aliupanga mwenendo wa visa kwenye karatasi za noti za muziki. Mtazamaji huongozwa na sauti, kwa kuwa pande linalosikika zaidi ndilo linalovuta jicho, huku mapande mengine yakiendelea na shughuli zake.

Muundo huo ungefaa Kariakoo kuliko ulivyofaa Los Angeles. Pande la kwanza lingekaa mezani kwa mchuuzi, la pili dukani kwa msambazaji anayehesabu makasha yaliyorudi bila kuuzwa, la tatu ndani ya gari ambamo mwigizaji anajipaka poda huku akibishana kwa simu kuhusu malipo yake, na la nne katika kibanda umiza, ukumbi wa mabati wa kuonyeshea video, ambamo filamu ya mwigizaji huyo huyo inachezwa bila yeye kupata senti.

Asije mtu akasema kwamba majaribio ni mambo ya wageni. Penina Muhando, katika tamthilia ya Lina Ubani ya mwaka 1984, alichanganya utambaji wa hadithi na uigizaji wa jukwaani, na Euphrase Kezilahabi alivunja kanuni za riwaya katika Nagona na Mzingile mwanzoni mwa miaka ya 1990, nao wote wawili waliandika kwa Kiswahili. Sinema ndiyo iliyobaki nyuma ya fasihi.

Kikwazo cha kweli ni sheria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inamtaka mpiga filamu apate kibali kwanza na kuwasilisha maelezo ya mchezo, sharti linalomwelemea mwongozaji ambaye maneno ya wahusika wake yatazaliwa siku ya kupiga picha. Bodi ya Filamu, inayosimamia sheria hiyo, ingefanya jambo la busara kupokea mpango wa matukio badala ya kudai kila neno.

Lakini waongozaji wasiisubiri Bodi. Kamera ya simu inatosha, Msimbazi haitozi kiingilio, na waigizaji walioandamana mwaka 2017 wengi wao wapo bado. Waiteni, waiteni na wachuuzi waliokuwa upande wa pili wa barabara, muwape wote nafasi sawa kiooni, na muipige filamu hiyo wakati wanaoikumbuka siku ile wangali wanaweza kuiigiza wenyewe.