Dharura isiyokwisha Mashariki mwa Kongo

Mei 2021, Rais Félix Tshisekedi aliiweka mikoa ya Ituri na Kivu Kaskazini chini ya utawala wa kijeshi kwa siku 30. Magavana wa kiraia waliondolewa, wakaja majenerali. Hata meya wa mji wa Beni, Kivu Kaskazini, akawa afisa wa polisi. Raia aliyeshtakiwa kwa jinai alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Bunge, lenye jukumu la kupima kila nyongeza ya siku 15, liliidhinisha tena na tena, miaka ikapita. Na vita? Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini.

Wananchi wamenyang'anywa haki zao bila kupewa usalama walioahidiwa. Wabunge waikatae nyongeza nyingine, na kesi za raia zirudi kwa mahakimu wa kiraia.