Dawa Itokayo Katika Gogo Bovu

Mwulizeni mkulima wa Lushebere: gogo lililolala msituni miaka mitatu lafaa nini? Huenda akajibu kwamba ni kuni mbovu, hata moto halishiki. Lakini tuchungulie kidogo vita vilivyomo ndani yake.

Uyoga uotao juu ya mti mkavu hauna majani ya kijani ya kuutengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Chakula chake ni mti wenyewe, na kuvu za namna nyingine zautamani mti ule ule. Uyoga hauwezi kukimbia wala kupiga. Kwa hiyo uyoga wa aina kadha wa kadha hutoa sumu iwazuiayo jirani zake wasikue.

Mwaka 1977 Wajerumani Timm Anke na Wolfgang Steglich pamoja na wenzao walieleza habari za sumu ya namna hiyo, waliyoitoa katika uyoga mdogo uotao juu ya matunda makavu ya msonobari. Waliiita strobilurini. Huzuia upumuaji ndani ya chembe hai za kuvu, nazo hukosa nguvu. Uyoga wenyewe haudhuriki, maana pale sumu inaposhika, umbo lake ni tofauti. Wala jambo hili si la Ulaya tu: mwaka 2016 ilitangazwa kwamba sumu za ukoo huo zimepatikana katika uyoga wa msitu wa Kakamega, nchini Kenya.

Strobilurini ya asili huharibika upesi juani. Wataalamu wa kemia wakaigeuza umbo, na tangu mwaka 1996 dawa za ukoo wake zauzwa kwa wakulima. Ukiona juu ya chupa jina lenye neno «strobin» ndani yake, ujue asili yake ni uyoga.

Lakini tuangalie. Mwaka 1998, huko Ujerumani, ukungu wa ngano ulionekana umekwisha kuishinda dawa hiyo. Basi, anayenyunyizia viazi vyake dawa ya ukungu asitumie hiyo moja msimu kwa msimu. Aibadilishane na dawa ya namna nyingine, kwa kipimo kilichoandikwa. Wala mtu asichemshe uyoga wa gogo asioujua akanywa kama dawa: kiuacho kuvu shambani si lazima kiponye mtu.

Silaha itumikayo kila siku, adui huizoea. Tuitunze hii, na misitu iliyotupatia tuitunze vilevile.