Daftari la Wiki: Sadaka za Mtandaoni

Picha ya mtoto wa machimboni wa Katanga imezunguka dunia tangu Januari 2016, Amnesty International na Afrewatch walipotoa ripoti yao kuhusu kobalti. Penye picha kama hiyo hapakosi wa kuichangishia pesa, awe mkweli au tapeli. Kwa hiyo sarafu za kidijitali zinazojiita za hisani zinauhusu pia mji wa machimbo wa Kambove, huko huko Katanga.

Juni 2021, vijana mashuhuri wa michezo ya kompyuta Marekani, baadhi yao wa kundi la FaZe Clan, waliipigia debe sarafu iliyoitwa Save the Kids. Sehemu ya kila muamala, walisema, ingekwenda kwa watoto. Kinga ya kuwazuia wenye sarafu nyingi wasiuze kwa mkupuo ilibadilishwa kabla ya uzinduzi, na bei ikaporomoka. Aliyefuatilia nyayo ni mtu mmoja wa YouTube, Coffeezilla. Daftari la miamala ya sarafu hizo liko wazi kwa yeyote, na mwandishi yeyote wa habari angeweza kulifungua.

Vyumba vikubwa vya habari navyo huteleza. Tarehe 13 Septemba 2021, tangazo bandia lilidai kwamba kampuni ya maduka ya Walmart ingepokea malipo ya sarafu ya kidijitali ya Litecoin. Reuters walilirusha, bei ikapanda ghafla, kisha Walmart wakakana na bei ikashuka. Baruapepe iliyowekwa kwenye tangazo haikuwa ya Walmart. Kuithibitisha kungechukua dakika chache tu.

Februari 2025, akaunti ya Rais Touadéra wa Jamhuri ya Afrika ya Kati ilitangaza sarafu ya $CAR, kwa ahadi ya kusaidia maendeleo ya nchi. Watu walibishana kama video yake ilikuwa ya kughushi huku wengine wakiendelea kununua. Thamani ilianguka vibaya.

Ukweli nao upo. Wasimamizi wa Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, walianza kuchimba bitcoin huko Luviro kwa umeme wa maji ili kuihudumia hifadhi, na waandishi walisafiri hadi huko wakaziona mashine.

Wahariri wa redio za Likasi na Lubumbashi, kabla ya kusoma tangazo la msaada hewani, mpigieni simu anayetajwa kuupokea, kwa namba mliyoitafuta wenyewe. Asipopatikana, msilisome.