Shule Haziunganishwi kwa Kalamu Pekee

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii ilinijia akilini Jumamosi moja nilipoketi miongoni mwa wazazi wa shule ya msingi katika mtaa mmoja wa Eastlands, jijini Nairobi, tukisikiliza pendekezo la kuiunganisha shule hiyo na nyingine iliyo ng'ambo ya Barabara ya Jogoo. Nakiri mapema kwamba nilikwenda pale nikiwa upande wa walioleta pendekezo. Nilitoka nikiwa na msimamo tofauti, na ningependa kuwaeleza walimu na wanafunzi sababu zangu, kwani pendekezo la namna hiyo huenda likawafikia wengi wao, ikiwa halijawafikia tayari.

Afisa aliyezungumza kwanza alitukumbusha kwamba umoja ni nguvu na utengano ni udhaifu. Hoja zake hazikuwa za kupuuzwa. Shule ile, alisema, haina tena umati wa watoto iliokuwa nao serikali ilipoanzisha elimu ya msingi bila malipo Januari 2003. Darasa la nane limetoweka baada ya mtihani wa mwisho wa KCPE mwaka 2023. Isitoshe, tangu Januari 2023 shule za msingi zimebebeshwa pia wanafunzi wa Sekondari Msingi, ambao wanahitaji maabara na walimu wa masomo maalumu.

Hesabu nayo ilikuwa upande wake. Serikali hutoa fedha kwa kuhesabu vichwa. Kwa kiwango kilichozoeleka kwa miaka mingi, yaani shilingi 1,420 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, shule yenye watoto 300 hutarajia shilingi 426,000, ilhali yenye watoto 100 hutarajia shilingi 142,000 tu. Hata hivyo, shule zote mbili huhitaji mlinzi, maji, umeme na paa lisilovuja. Mwalimu mkuu wa shule ndogo anajua uchungu wa hesabu hiyo kuliko mtu yeyote.

Kazi yangu ni kufundisha isimu, na kwa hivyo sikio langu lilikuwa limenasa kitenzi kabla ya kuzipima hoja. Tuna kitenzi unga. Tukikitia katika kauli ya kutendana tunapata ungana, yaani wawili kuridhiana hadi wakawa kitu kimoja. Tukiongeza kauli ya kutendesha tunapata unganisha, na hapo ndipo anapoingia mtu wa tatu, anayewafanya wale wawili waungane. Kila mwanafunzi wa shule ya upili anaujua mnyambuliko huu. Jambo tunalosahau kuwafundisha ni kwamba kauli ya kutendesha haiifuti kauli ya kutendana, bali imejengwa juu yake. Huwezi kuwaunganisha watu ambao hawajaanza kuungana. Ukijaribu, unachokifanya kina jina jingine. Shule moja inafungwa, na nyingine inasongamana.

Mama mmoja, mwuzaji wa mboga, alisimama akauliza swali ambalo liliuzima ukumbi mzima. "Bwana Afisa, mimi sina ubishi na huo umoja. Nataka kujua tu, mtoto wangu wa Gredi ya 1 atavushwa barabara na nani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati mimi niko Marikiti kuchukua sukuma wiki?" Afisa alijibu kwamba jambo hilo litaangaliwa. Litaangaliwa! Hiyo ni kauli ya kutendwa, ambayo humruhusu msemaji kumficha mtendaji. Mama yule aliuliza "na nani", akapewa kitenzi kisicho na mtu.

Swali lake lina historia ndefu kuliko anavyodhani. Mwaka 1948 ulichapishwa mpango mkuu wa mji wa Nairobi, ulioandaliwa na Thornton White, Silberman na Anderson. Ulikuwa mpango wa mji mkuu wa koloni, nasi hatuna sababu ya kuwasifu waliotutengea makazi kwa misingi ya rangi. Hata hivyo, mpango huo uliegemea wazo la ujirani ambalo Mmarekani Clarence Perry alikuwa amelieleza mwaka 1929, kwamba shule ya msingi iwe kitovu cha mtaa, barabara kuu zipite kandokando yake, na mtoto afike darasani bila kuvuka mkondo wa magari. Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, una alama za wazo hilohilo hadi leo. Je, si kinaya kwamba mkoloni aliyetudharau alikumbuka miguu ya mtoto, nasi tuliojitawala tuisahau?

Mimi mwenyewe nilisomea katika shule ya aina hiyo miaka ya 1980, enzi za maziwa ya Nyayo. Kutoka mlangoni petu hadi darasani hakukuzidi mwendo wa dakika tano, na kila mama tuliyempita njiani alikuwa na idhini ya kutukemea. Huo ulikuwa ulinzi ambao haukuandikwa katika bajeti yoyote. Shule ikihamishiwa ng'ambo ya barabara, ulinzi huo hauhami nayo.

Hofu ya pili ya wazazi inahusu ardhi, na hii haikutajwa kabisa na afisa. Wakazi wa Nairobi hawajaisahau tarehe 19 Januari 2015, pale wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walipoandamana na kuuangusha ukuta uliokuwa umeuzingira uwanja wao wa michezo, wakarushiwa gesi ya kutoa machozi na polisi. Ikiwa hayo yalitukia katika shule iliyojaa watoto, itakuwaje kwa shule tupu? Swali hili lina uzito zaidi katika mitaa ya zamani ya Eastlands, ambako mipango ya kubomoa nyumba kuukuu na kusimamisha maghorofa imeifanya kila ekari kuwa ya kumezewa mate. Mzazi anayeuliza kuhusu hatimiliki ya kiwanja cha shule si mchochezi. Ameumwa na nyoka, na akiona ung'ongo hushtuka.

Tusidhani kwamba masaibu haya ni yetu peke yetu. Mwaka 2013 mji wa Chicago, nchini Marekani, uliamua kufunga shule zipatazo 50, karibu zote zikiwa za msingi, na aghalabu katika mitaa ya Wamarekani weusi. Wazazi waliandamana, lakini hawakusikizwa. Mji ulilazimika kuajiri watu wazima wa kusimama njiani kuwalinda watoto waliokwenda katika shule mpya. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watoto hao hawakupata ile nafuu ya masomo waliyoahidiwa. Ikiwa mji tajiri kiasi hicho ulishindwa, sisi tunakimbilia wapi?

Haki inanilazimisha niseme pia lisilowapendeza wazazi. Baadhi ya waliopaza sauti kubwa zaidi ukumbini wamewapeleka watoto wao katika akademia za kibinafsi. Mtu hawezi kuipa shule kisogo kwa miaka kumi, kisha aililie siku ya maziko yake. Anayetaka shule ya mtaa iishi na aanze kwa kuijaza. Aidha, zipo shule mbili zinazopakana ua kwa ua, kila moja ikiwa na mwalimu mkuu wake, na kati yao hamna barabara wala mto. Kuzipinga shule kama hizo zisiungane ni ukaidi mtupu.

Kwa hivyo siwaombi wakuu wa elimu waache kuunganisha shule. Nawaomba waheshimu maana kamili ya kitenzi hicho. Sheria iko wazi. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinautaja ushirikishwaji wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya taifa, na Kifungu cha 53 kinasema kwamba maslahi ya mtoto yapewe uzito wa kwanza katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo imezipa shule bodi za usimamizi na vyama vya wazazi. Vyombo hivi havikuundwa ili vifahamishwe uamuzi uliokwisha kupitishwa.

Basi pendekezo lolote na lipimwe kwa masharti matatu. Kwanza, afisa anayelileta aitembee njia ya mtoto kwa miguu, asubuhi na jioni, na asipendekeze muungano unaomvusha mtoto mdogo barabara kuu isiyo na daraja la miguu wala mvushaji. Pili, hatimiliki ya kiwanja kitakachoachwa iwe mikononi mwa umma, kwa jina la shule, kabla ya dawati moja kuhamishwa. Tatu, wazazi na walimu wa shule zote mbili wakutane kabla ya uamuzi, wapewe hesabu zote, na majibu yao yaandikwe.

Masharti haya yakitimizwa, sitashangaa kuwaona wazazi wale wale wakiwa wa kwanza kubeba madawati. Hadi wakati huo, upinzani wao si ujinga wala siasa. Mama wa sukuma wiki bado anangoja jibu, naye hakuuliza swali gumu. Aliuliza "na nani", na anayejua jibu na amtaje mtu huyo.