Filamu ni ufundi wa mikono, tusiifanye somo la kukariri

Wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 10 walipojiunga na Sekondari Pevu mnamo Januari 2026, somo la maigizo na filamu lilikuwa miongoni mwa masomo yaliyotengewa nafasi katika mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Hilo ni jambo la kushangiliwa, hasa na sisi tuliosoma enzi ambapo kijana aliyetamani kutengeneza filamu alidhaniwa kuwa amepotoka. Hata hivyo, shangwe hizo zisitufanye tusahau kuuliza swali lililo muhimu kuliko yote: somo hili litafundishwa vipi, na nani, na kwa vifaa gani?

Nauliza hivi kwa sababu taifa hili limewahi kuipitia njia hii. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, ahadi yake kuu ilikuwa kumpa mtoto ujuzi wa kujitegemea. Useremala, uashi, ushonaji na upishi viliingizwa kwenye ratiba. Lakini shule nyingi hazikuwa na karakana, wazazi wakaelemewa na gharama za kuzijenga, na hatimaye wanafunzi wengi wakawa wanachora randa na patasi kwenye daftari badala ya kuzishika. Walifaulu mtihani wa useremala bila ya kuwahi kuunda kigoda. Mtaala ulipopunguzwa mzigo mapema katika miaka ya 2000, masomo hayo yalikuwa miongoni mwa yale yaliyotupwa. Tusipojihadhari, filamu itafuata nyayo zizo hizo.

Wahenga walisema uhondo wa ngoma ingia ucheze. Katika filamu methali hii si pambo la usemi, bali ndiyo kanuni ya kazi yenyewe. Chukua mwanga. Mwalimu anaweza kuandika ubaoni kwamba jua la saa sita hapa kwetu, karibu na Ikweta, humulika kutoka utosini na kuyageuza macho ya mwigizaji kuwa mashimo meusi. Mwanafunzi ataliandika hilo na kulisahau. Lakini akipiga picha saa hiyo, kisha akaziona pamoja na wenzake jioni, hatahitaji kukumbushwa tena. Atajifunza kuamka mapema, kutafuta kivuli, au kushika ubao mweupe wa kurudisha mwanga usoni. Isitoshe, kwa miongo kadhaa kampuni ya Kodak ilisambaza kadi za kupimia rangi zenye picha za wanawake weupe, na maabara nyingi za picha zikaichukulia ngozi hiyo kuwa ndiyo kipimo. Namna ya kumulika uso mweusi ukang'aa bila ya kupauka ni elimu ambayo kijana wetu ataipata kwa jicho lake mwenyewe.

Chukua pia sauti. Anayesoma nadharia peke yake hudhani kuwa filamu ni picha. Aliyekwisha kurekodi chini ya paa la mabati mvua ikinyesha, au kando ya barabara ya matatu, anajua kwamba mtazamaji huvumilia picha yenye dosari lakini hukimbia mazungumzo yasiyosikika. Na kuna mwendelezo: kikombe kilichokuwa nusu katika picha moja kikionekana kimejaa katika ile inayofuata, hadithi nzima huingia mashaka. Makosa kama haya hayazuiwi na kitabu. Huzuiwa na mazoea, na mazoea hujengwa kwa kurudia kazi chini ya uangalizi wa fundi.

Wapo watakaosema kuwa shule zetu ni maskini, kwa hiyo hatuna budi kuanza na nadharia hadi vifaa vitakapopatikana. Historia inawapinga. Chuo cha filamu cha Moscow, ambacho ndicho kikongwe zaidi duniani, kilianzishwa mwaka 1919, wakati ambapo Urusi ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na mikanda ya filamu ilikuwa adimu mno. Lev Kuleshov na wanafunzi wake hawakukunja mikono. Waliigiza "filamu zisizo na filamu", wakipanga matukio jukwaani kana kwamba kamera ipo, na walikatakata mikanda ya zamani na kuiunganisha upya ili waone maana inavyobadilika. Uhaba uliwafunza uhariri. Leo simu moja ya mkononi ina uwezo ambao wao hawakuuota. Kinachokosekana kwetu ni mpango, si kamera tu.

Hapa nchini ushahidi upo pia. Anne Mungai, aliyeongoza filamu ya Saikati mwaka 1992, alipata mafunzo katika taasisi ya mawasiliano ya KIMC, ambako wanafunzi hushika mitambo. Warsha za One Fine Day jijini Nairobi, zilizowakutanisha vijana na mafundi waliobobea, zilitoa Nairobi Half Life ya David Gitonga mwaka 2012, filamu ya kwanza kuwahi kuwasilishwa na Kenya kushindania tuzo ya Oscar katika kitengo cha lugha za kigeni. Baadaye zikazaa Kati Kati mwaka 2016 na Supa Modo mwaka 2018. Vijana hao walifunzwa kwa kutengeneza filamu.

Pingamizi lililo zito zaidi ni hili: je, mafunzo ya ufundi hayatatupatia wapiga picha hodari wasio na la kusema? Hofu hiyo si bure. Lakini dawa yake si kumtenga kijana na kamera, bali ni kuiweka lugha ndani ya karakana. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa kuli bandarini Marseille na kisha mwandishi wa riwaya. Alipotambua kwamba watu wake wengi hawakuweza kusoma Kifaransa alichoandikia, alikwenda Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1960 kujifunza filamu kwa vitendo. Mwaka 1968 akatoa Mandabi kwa lugha ya Kiwolofu. Fikra alikuwa nazo tayari. Ufundi ndio uliozifikisha kwa wenyewe.

Kama mwanaisimu, hapa ndipo ninapoona kasoro kubwa katika kazi za wanafunzi wetu. Wahusika wao huongea kama insha: mama anayeuza mboga hutoa methali tatu kwa pumzi moja, na hakuna anayemkatiza mwenzake. Mwanafunzi na apelekwe soko la Kongowea au Gikomba, aombe ruhusa, arekodi, kisha ayaandike mazungumzo neno kwa neno. Atagundua kwamba watu hawamalizi sentensi, kwamba kimya nacho ni jibu, na kwamba mtu huhama kutoka Kiswahili hadi lugha ya mama pale anapokasirika. Hilo ni somo la isimu na somo la filamu kwa wakati mmoja, na mwalimu wa Kiswahili anaweza kulianza wiki ijayo.

Yafaa basi tufanye nini? Kwanza, mtihani wa somo hili uwe filamu fupi iliyotengenezwa na watahiniwa na kutetewa mbele ya watahini. Karatasi ya maswali iwe sehemu ndogo tu. Pili, Tume ya Huduma kwa Walimu itafute njia ya kuwaruhusu mafundi wa filamu kufundisha kwa mkataba, hata kama hawana shahada ya ualimu. Tatu, shule za eneo moja zishirikiane na chuo anuwai kilicho karibu, ili kamera, taa na vinasa sauti vichache vizunguke badala ya kufungiwa kabatini mwa mwalimu mkuu.

Na wewe mwanafunzi unayetafuta chuo, usidanganywe na majengo wala majina marefu ya kozi. Uliza: nitatengeneza filamu ngapi kabla ya kuhitimu? Anayenifunza amewahi kufanya kazi gani? Naweza kuiona kazi ya waliotangulia? Chuo kisichoweza kujibu maswali haya matatu kitakuuzia cheti tu, na siku ya kwanza utakapokabidhiwa kamera, hakuna atakayekuomba umwonyeshe cheti hicho.